Ini la Mjomba

14 Januari

Mjomba wangu kipenzi,

Shikamoo. Bibi naye mpe shikamoo yake, ila umpazie sauti, maana ukimnong'oneza atasema mjukuu wake amemsahau. Nalisalimu benchi lote la hapo saluni, na Mzee Kipara kwa namna ya pekee. Mpaka leo sijaelewa mtu asiye na unywele hata mmoja anafuata nini kwa kinyozi kila asubuhi.

Mimi sijambo. Chumba ni kile kile cha ghorofa ya nne, na jirani wa juu bado anaburuta viti utadhani anahama kila siku. Kazini tumeletewa hadubini mpya, na mkuu wa maabara anailinda kuliko anavyolinda watoto wake.

Uliniandikia kwamba watu wa benchi wanataka kujua nalipwa kwa kazi gani hasa, na wewe ukawajibu, "Anafuga panya." Ahsante kwa kunipandisha hadhi. Basi wasomee hivi.

Kiumbe akiwa tumboni, siku zile za mwanzo kabisa, hana ini. Ana kijibomba tu ambacho baadaye kitakuwa utumbo. Seli za kwenye ukuta wa kijibomba hicho zina jeni zote za kutengeneza ini, yaani maagizo yote zinayo, kama zilivyo nayo ya kutengeneza jicho na ukucha. Ila maagizo yamefungwa, hayasomwi. Sasa hapo jirani moyo unaumbwa. Ukishaanza kazi, upande ule wa moyo unatoa kemikali, zile seli zinaipokea, na jeni za ini zinaanza kusomwa moja baada ya nyingine. Ukizitenga seli hizo mbali na moyo, ini halianzi. Mimi kazi yangu ni kuchunguza jeni ipi inafunguliwa lini, inafungwa lini, na nani mwenye amri hiyo. Najua Mzee Kipara atauliza kama ndiyo sababu wapenzi wakaitana mkalia ini. Mwambie sijui, mimi nafuga panya.

Sasa la msingi. Mjomba, nakujua. Barua zangu huzigusi mpaka benchi lijae. Unachana bahasha kwa wembe, unasoma kwa sauti bila hata kuchungulia kwanza kilichomo, unajifanya mtangazaji wa redio. Basi leo nautumia huo ugonjwa wako. Ndugu zangu mliokaa hapo: huyu mtu alikuwa na dada mmoja tu, ndiye mama yangu, na alikufa kwa ini. Mambo haya mara nyingi hufuatana kwa watu wa tumbo moja. Nimemwomba akapimwe mpaka mdomo umekauka, kila mara ananiambia "nitakwenda." Sasa nawakabidhi nyinyi. Msimwache ashike wembe mpaka akapimwe.

Usinune mjomba. Unajua ninavyokupenda.

Kiroboto wako

*

20 Februari

Kiroboto,

Marahaba, mtoto usiye na haya. Umeniumbua mchana kweupe.

Nilikuwa namnyoa fundi viatu. Shavu moja tayari, la pili limejaa povu. Nikamwambia subiri kidogo, nina barua ya mtaalamu. Nikasoma, sauti imekolea, nikafika pale "ndugu zangu mliokaa hapo," na mdomo ulikuwa umeshatangulia, siwezi kuurudisha. Nilipomaliza, Mzee Kipara akainuka, akaninyang'anya wembe mkononi, akasema, "Twende." Nikamwambia mteja wangu yuko nusu. Akasema, "Atakuwa nusu mpaka turudi." Nakuapia, fundi viatu alikaa na povu lake hadi likakauka.

Basi nimekwenda, umefurahi? Tulikaa foleni ndefu. Nesi aliyenitoa damu ni rika lako, alikuwa anatafuta mshipa kwa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Wakanipaka mafuta ya baridi tumboni, wakapitisha kile kidude cha kuonea ndani. Yule wa kidude alikuwa mwongeaji, baadaye akaacha kuongea. Nadhani alichoka. Wamesema nirudi.

Bibi yako yu mzima. Miguu inamsumbua, masikio yamegoma, lakini ulimi, ah, ulimi umebaki na ujana wake. Anasema umtumie panya mmoja aone kama anakula vizuri kuliko wewe.

Ile ya moyo na ini imewaingia watu. Fundi viatu ameacha kusema mkewe amemkata maini, sasa anasema amemfungia jeni. Tuandikie nyingine. Na simu usipige. Mimi na wewe kwenye simu ni "haloo, unanisikia, haloo" mpaka salio linakwisha, hakuna kilichosemwa.

Mjomba wako

*

18 Machi

Mjomba,

Shikamoo sana, na shikamoo nyingine ya shukrani. Umekwenda! Nimesoma barua nikiwa nimesimama mlangoni, hata koti sijavua, nikapiga kelele mpaka jirani akaacha viti vyake. Mzee Kipara mwambie nampa heshima zote. Majibu yakitoka niandikie siku hiyo hiyo, usingoje benchi lijae.

Mimi nimepata mafua, nimepona. Nimekosana na mkuu wa maabara, tumepatana. Habari za huku ndizo hizo.

Hadithi yenu ya mwezi huu: ini la mtoto aliye tumboni lina kazi tofauti kabisa na hili la kwetu. Ndilo linalotengeneza damu yake, mifupa bado haijawa tayari kwa kazi hiyo. Tena linatengeneza protini moja ambayo sisi tunaiita kwa herufi tatu, lakini nyinyi iiteni protini ya kitoto. Damu ya mtoto imejaa hiyo. Akishazaliwa, jeni ya protini hiyo inafungwa taratibu. Kuna protini nyingine zinakuja kukaa juu ya jeni yenyewe na kuzuia isisomwe, na uzi wa DNA mahali hapo unakunjwa ukabana. Mtoto anakua, ini linashika kazi za kiutu uzima, na ile ya kitoto hairudi tena.

Mimi nina panya wa ukoo fulani ambao jeni hiyo haifungiki sawasawa, inavuja. Wana kasoro kwenye protini moja inayotoa amri ya kufunga. Ninawachanganya na ukoo mwingine, kizazi baada ya kizazi, nione amri nyingine zinatoka wapi. Wale ninaowasubiri hasa watazaliwa mwezi wa kumi na moja. Hao ndio watakaonionyesha kama miaka yangu hapa ilikuwa kazi au porojo. Mjomba, nawaombea panya dua, nimefika huko.

Kiroboto

*

22 Aprili

Kiroboto,

Marahaba. Bibi mzima. Benchi zima. Tumenunua kioo kipya, kile cha zamani kilikuwa kinawafanya watu wote wanene.

Majibu yangu bado. Si unajua hospitali, leo daktari yuko safarini, kesho karatasi haionekani.

Nina swali, si langu. Kuna mteja wangu mmoja, mtu mzima wa makamo yangu, mtulivu, humjui. Naye alikwenda kupima mambo yake, na kwenye karatasi yake wameandika herufi tatu, nikashangaa, nikasema hizi si ndizo zile za mtoto wetu? Wamemwambia iko juu sana. Sasa yeye hakuelewa na aliona haya kuuliza. Nikamwambia mimi nina mtaalamu. Ile jeni uliyosema inafungwa mtu akizaliwa, ikifunguka tena kwa mtu mzima ina maana gani? Wamemwambia pia kuna kitu kidogo pembeni ya ini na wanataka kumkata. Yeye hataki.

Ukijibu, jibu wazi tu, ni mtu mzima. Usiwe na haraka, maliza kazi zako kwanza.

Mjomba

*

15 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Bibi shikamoo. Benchi hamjambo! Mimi mzima kama chuma, nimepata hata muda wa kufua.

Nimefurahi mno kwa swali lako, hujui tu. Nimekuwa nikichezea jeni hii kwa panya siku zote hizi, na leo imefika mpaka saluni kwetu! Nimemwonyesha hata mkuu wa maabara, akacheka kwa furaha.

Umeniambia nijibu wazi, najibu wazi. Kwa mtu mzima, jeni ile inatakiwa ikae imefungwa. Ini likiwa limevimba au limeumia inaweza kufunguka kidogo. Mwanamke mjamzito naye itaonekana kwa sababu ya mtoto. Lakini kwa mwanamume mzima, ikiwa juu sana, na wameona kitu kwenye ini, hiyo mara nyingi ni saratani ya ini. Seli za saratani zinaacha adabu za utu uzima. Zinafungua tena maagizo ya utotoni, yale ya kukua haraka bila kuuliza, na protini ya kitoto inarudi kwenye damu. Kwa hiyo wanaipima kujua kama adui yupo.

Mwambie mteja wako ana bahati kwamba kipo kidogo na kipo pembeni. Cha hivyo kinakatwa na mtu anaishi. Cha mama yangu kilionekana kimeshajaa. Kama huyu amepewa nafasi mama hakuipata, halafu anakataa kwa kuogopa kisu, basi ni mwoga, tena anawaonea watu wake. Mwambie hivyo hivyo, sema ni mimi nimesema. Nyinyi wa benchi mzomeeni mpaka aende.

Na majibu yako je? Miezi yote hii! Nenda kawagongee meza.

Kiroboto

*

30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Kulikoni? Sijapata barua. Najua posta ina yake, lakini hata kadi? Bibi hajambo? Mimi mzima. Panya wazima. Nijibu hata mstari mmoja.

Kiroboto

*

25 Julai

Mjomba, nimepiga simu mara nyingi. Bibi alipokea mara moja, akasema "hatununui," akakata. Nimekaa leo nimesoma tena barua yako ya Aprili. Nimeisoma mara nyingi. Mjomba, yule mteja ni nani?

*

9 Agosti

Kiroboto,

Marahaba. Bibi yako mzima, benchi zima, saluni nimeipaka rangi upya. Habari za nyumbani zimekwisha, sasa sina pa kujificha. Mteja ni mimi.

Barua yako ya Mei ilipofika nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Benchi limejaa, nikachana bahasha, nikasimama mbele ya kioo. Nilikuwa na matumaini yangu, nikawaza utasema si kitu, ni mafua ya ini. Nikasoma vizuri mpaka kwenye lile neno. Nikakohoa. Nikaendelea, maana nikinyamaza watajua. Nikasoma na pale uliposema mteja huyo ni mwoga na anawaonea watu wake. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Fundi viatu akauliza ni nani huyo tumzomee. Mzee Kipara peke yake hakucheka, alikuwa ananitazama mikono. Nilimalizia kunyoa niliyekuwa naye, sijamkata hata kidogo, nikafunga nikasema nina tumbo.

Usijilaumu. Ulijibu ulichoulizwa, tena umejibu vizuri, hakuna daktari aliyenieleza vile. Nimekaa miezi yote hii natafuta namna ya kukuandikia, nikawa kila nikishika kalamu namwona mama yako.

Kipo kidogo, ni kweli. Wanataka kukata. Nimewaambia nitafikiri. Nimefikiri, sikatwi. Kuna watu wanaishi nacho.

Bibi hajui na asijue. Na wewe usije. Kazi yako imefika patamu, usiiache kwa ajili ya mzee mmoja. Niko vizuri, nakula, nacheka.

Mjomba wako

*

1 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nimepokea barua yako ya tarehe tisa. Naomba usome haya kwa makini.

Watu hawaishi nacho. Kinakua. Ukisubiri, kitatoka pembeni na kuingia kwenye mishipa, na hapo upasuaji hautawezekana. Ini lina uwezo ambao kiungo kingine cha ndani hakina: ukikata sehemu yake, iliyobaki inakua mpaka ini linarudi karibu na ukubwa wake wa awali. Seli zilizokuwa zimetulia zinaanza kugawanyika. Jeni kadhaa za kukuza, zilizofanya kazi tumboni, zinafunguliwa kwa muda, na ini likitosha zinafungwa tena. Hiyo ndiyo tofauti na uvimbe, wenyewe haujui kuacha. Baada ya upasuaji watapima ile protini mara kwa mara. Ikishuka na kubaki chini, ni dalili nzuri.

Nimekuandikia maelezo ya tafiti tano kwenye kurasa zinazofuata, pamoja na maswali ya kumuuliza daktari wa upasuaji. Umesema nisije, nimekuelewa. Kizazi cha mwisho cha panya kinakaribia na hakuna mwingine anayeweza kukisimamia.

Tafadhali amua mapema.

Wako,
Mpwa wako

*

27 Septemba

Kiroboto,

Marahaba. Bibi mzima, ana ugomvi na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo.

Barua yako nimeisoma peke yangu, mlango nimeufunga. Kurasa nane. Nimezisoma zote, na nimeelewa zaidi ya unavyodhani, maana umenifundisha mwenyewe. Umenijibu kama hospitali. Nimetafuta mahali ulipolia, sijapaona. Mwishoni umeandika "mpwa wako." Mpwa wangu ninaye mmoja, jina lake Kiroboto, tangu alipokuwa akiruka kamba akawashinda wavulana wote wa mtaa. Huyu aliyeniandikia simjui.

Acha nikuambie kitu halafu tusirudie. Siku dada yangu alipokatwa, mimi ndiye niliyekaa nje. Aliingia anacheka. Aliniambia, "Nisubiri hapo hapo, usiende kuzurura." Nikasubiri. Walipotoka walitoka bila yeye. Bibi yako hakusema neno mwezi mzima, unakumbuka, ulikuwa unalala katikati yetu. Ameshazika mmoja. Nikiingia mule ndani nisitoke, nani atakaa naye? Na mimi wembe naujua, Kiroboto. Naushika kooni mwa watu kila siku. Najua mkono wa binadamu unavyoweza kuteleza.

Basi ndiyo hivyo. Sijakasirika. Vaa vizuri, kula, usije.

Mjomba

*

16 Oktoba

Mjomba wangu, mjomba wangu wa pekee,

Shikamoo na unisamehe.

Nililia. Barua yako ya Agosti niliifungulia kazini, nikaenda chooni nikalia mpaka mfagizi akagonga mlango kuuliza kama nimeanguka. Nikanawa uso, nikakaa, nikaandika kurasa nane. Wewe ukiogopa unatania, mimi nikiogopa naandika tafiti. Nilipokumbuka kwamba nilikuita mwoga, na kwamba wewe ndiye uliyeyasoma kwa mdomo wako watu wakikucheka, nilitamani ardhi ipasuke. Naogopa, mjomba. Naogopa mno. Wewe ndiye baba niliyempata na ndiye mama niliyebaki naye. Ulinisuka nywele na mikono yako ya kinyozi wakati hujui hata kugawa mistari, nikaenda shule nimepinda kichwa chote, na sikukubali mtu mwingine aguse. Kama nikikukosa nitakuwa na shahada ya ini na sina mtu wa kumwandikia.

Unaniuliza nilipolia. Kila siku. Niliingia kwenye ini kwa sababu ya mama, hilo hujawahi kuniuliza na mimi sijawahi kukuambia.

Mama hakuuawa na kisu. Alikatwa kwa kuchelewa, walimfungua wakakuta kimeenea. Cha kwako hakijaenea. Ni ini la ndugu wa tumbo moja lakini si hadithi moja, na mimi safari hii sizungumzi kama hospitali, nakuomba kama mwanao. Kinyozi hajinyoi, mjomba. Umekaa miaka yote ukiwaambia watu, "Tulia, legeza shingo, niachie mimi." Sasa kaa wewe kwenye kiti. Mwachie mwenzio ashike wembe.

Mwambie Bibi. Usimlinde kwa kumdanganya, yeye si mtoto.

Na mimi nitakuja, utake usitake. Niambie tu tarehe.

Kiroboto, Kiroboto, Kiroboto wako

*

3 Novemba

Kiroboto,

Marahaba. Leo umerudi, nimekuona.

Nimemwambia Bibi. Nilimkalisha, nikampazia sauti, nikaanza kuzunguka mbuyu. Akanikatiza. Akasema, "Suruali zako nakunja mimi. Mkanda umeongeza matundu mawili tangu mvua zianze. Nilikuwa nangoja uniheshimu uniambie." Nikakosa pa kuweka uso. Kisha akasema, "Yule mwenzio alikatwa kachelewa. Wewe ukichelewa kwa kuniogopea mimi, sitakusamehe nikiwa hai wala nikiwa nimekufa." Halafu akataka chai.

Basi nimetia saini. Nakatwa tarehe kumi na mbili, asubuhi. Barua hii ikikufikia siku hiyo itakuwa imeshapita, nimepiga hesabu makusudi, usinikasirikie. Panya wako ndio wiki hizi wanazaliwa. Usiache kazi ya miaka kwa siku moja. Mzee Kipara atakuwepo, Bibi atakuwepo, mimi siogopi kitu.

Lolote litakalokuwa, ujue hakuna kazi niliyoifanya vizuri maishani kuliko kukulea wewe. Na nywele nazo nilijifunza mwishowe.

Usije.

Mjomba wako

*

12 Novemba, nje ya chumba cha upasuaji

Mjomba,

Shikamoo. Kama umeniandikia barua, imepishana nami njiani.

Aliyenipigia simu ni Mzee Kipara. Hakusema haloo. Alisema, "Tarehe kumi na mbili, asubuhi, hospitali kuu, njoo," akakata. Ndege ilichelewa. Nimefika ukiwa umeshaingizwa, nesi ananiambia ulimtania mpaka kwenye dawa ya usingizi. Hujui kwamba nipo. Kwa hiyo nakuandikia, sijui kukaa karibu nawe bila ama kuongea ama kuandika.

Bibi yuko kushoto kwangu, amepakata viatu vyako kwenye mfuko na hataki kunipa nimshikie. Mzee Kipara anatembea, anafika dirishani, anarudi. Fundi viatu amekuja na kundi zima la benchi, nesi amewafukuza, wamekaa kwenye ngazi.

Panya walizaliwa juzi. Nimewaacha kwa mwenzangu. Mkuu wa maabara aliniuliza anayeumwa ni baba, nikasema ni mjomba, nikamwona usoni anaona si jambo kubwa. Nikamwambia, mjomba wangu ni jambo kubwa kuliko maabara hii yote na hadubini yako. Kaninunia. Pengine nitarudi nikute kazi, pengine sitaikuta. Leo sijali.

Sina cha kukufundisha kuhusu ini leo. Najua jeni zake ngapi, na nimekaa hapa kama mtu asiyejua hata ini liko upande gani. Toka tu, mjomba. Toka hata ukiwa umenuna.

Mlango umefunguka. Daktari anakuja kwetu, anavua barakoa.

Mjomba! Amesema wamekitoa chote. Hakikuenea. Amesema ini lililobaki ni zuri na litakua. Bibi kaniuliza, "Kasema nini?" nikamwambia kwa sauti mpaka watu wa kwenye ngazi wakapiga vigelegele na nesi akaja tena kutufokea. Mzee Kipara amekaa sakafuni. Analia, na mimi nalia, siwezi kuendelea kuandika, wanasema tutaingia mmoja mmoja na Bibi ameniambia nitangulie mimi.

*

13 Novemba (nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa mwandiko uliopinda)

Kiroboto,

Umesinzia kwenye kiti, sitaki kukuamsha. Koo linakwaruza, sauti haitoki, nimemwomba nesi kalamu. Barua yako nimeisoma peke yangu, polepole.

Kwanza, ni nani aliyekunyoa nywele hivyo? Aitwe, aje ajibu.

Pili, nilikuandikia usije. Nimeandika mara ngapi usije? Kila nilipoliandika, moyo wangu ulikuwa unasema njoo. Nilijua ningeandika njoo ungekuja siku hiyo hiyo, na mimi nikajifanya mwanamume. Sasa nimekatwa, sina nguvu za kujifanya.

Nilipofumbua macho nilidhani ni dada yangu amekaa hapo. Halafu nikaona ni wewe, na sikuhuzunika hata kidogo kwamba si yeye. Nikamshukuru Mungu.

Usiondoke, mwanangu. Najua kazi inakungoja. Kaa kidogo na mimi.